Neno la Siri la Mama

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi, ya kuonja tu, ikakatika. Nimeanza tena kuandika kwa sababu najijua: kazi ikiisha huwa nasahau nilivyohangaika, nikaanza kuwaambia watu ilikuwa rahisi.

Kazi yenyewe ni kuhamisha maktaba ya sauti. Wasioona huingia humo kwa mtandao na kusikiliza vitabu vilivyosomwa na watu wa kujitolea. Tangu tuianzishe imekaa kwenye mashine moja iliyozeeka hadi feni yake inakoroma, na sasa tumepewa seva mpya. Programu tuliiandika kwa Java, lugha ya kompyuta, mimi na mwenzangu ambaye ofisi nzima inamwita Bwana Taratibu, enzi ambazo mimi nilikuwa na kiuno na yeye alikuwa na nywele.

Chumba chetu cha kazi ndicho kilichokuwa chumba cha kurekodia. Misumari iliyoshika mablanketi ya kuzuia kelele bado iko ukutani. Baba alisomea humu kila Jumamosi baada ya kustaafu ukarani wa idara ya maji. Alikuja na chupa ya maji ya vuguvugu na miwani ya aina mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea. Mvua ikipiga bati walilazimika kusimama, naye alikaa mlangoni akiilaumu kwa sauti ya ofisini. Leo nilipoisikia juu ya bati nilimkumbuka hadi nikaacha kuchapa.

Jumatano, 5 Machi

Tumeshinda tukizunguka. Tulifunga kurasa zote kwa mkupuo, na fomu ya kuingilia ikafungwa pamoja nazo. Mtu akiomba kitabu, seva inamwambia nenda kwenye fomu ujitambulishe. Akienda kwenye fomu, inamwambia ukurasa huu umefungwa, nenda kwenye fomu ujitambulishe. Kivinjari kikachoka kabla yetu. Bwana Taratibu alichungulia faili la mipangilio kwa muda mrefu, kisha akasema tumemfungia mlinzi ndani pamoja na funguo zake. Alicheka peke yake.

Tuliiacha fomu nje ya kufuli, mambo yakatulia. Naipenda desturi hii ya Java, hata baada ya miaka yote hii. Mtu anaomba kitabu fulani. Seva inaliweka ombi lake pembeni, inampeleka kwenye fomu, na akishataja jina na neno la siri inamrudisha kulekule alikokuwa anaelekea. Haimuulizi mara mbili. Baba nilipomweleza zamani alisema laiti idara ya maji ingekuwa hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Hakuna jipya. Chai imepoa mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda kwa Mama. Macho yalimwacha kidogo kidogo, na sasa ni miaka mingi haoni kabisa, lakini ndani ya nyumba ile hakuna anayemfikia. Anajua sufuria ipi iko juu ya ipi. Ukisogeza kiti kidogo tu, anakirudisha na kukuuliza kama ulikuwa unapanga kuhamia.

Jioni ikifika huketi mbele ya kompyuta yake na kumsikiliza Baba. Baba alianza kujitolea kusoma mwaka ule macho ya Mama yalipoanza kufifia, na kwa kuwa alikuwa mgeni, wakampa kitabu ambacho wengine walikikwepa: mwongozo mnene wa ufugaji wa nyuki. Alisoma vingine vizuri zaidi baadaye, vya hadithi na vya safari, ila Mama hurudi kwenye nyuki. Hajawahi kufuga hata mmoja. Leo ameniambia malkia akizeeka mzinga hulea mwingine kimyakimya bila kumwambia, kisha akaongeza kwamba nyuki wana adabu kuliko kaka yako.

Kaka hupiga simu kila jioni kuuliza kama amekula, kama amefunga mlango, kama amezima jiko. Mama humjibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, akiwa ameishika simu mbali na sikio.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimefanya jambo la utu. Hitilafu yoyote ikitokea, seva huandika ukurasa wa maneno magumu na tarakimu, na programu ya kusoma skrini humtapikia msikilizaji yote hayo masikioni. Nimeziunganisha hitilafu zote za mlangoni kwenye ukurasa mmoja wenye sauti ya upole: "Samahani, hatukuweza kukuingiza. Tafadhali angalia jina lako na neno lako la siri." Mkurugenzi amesikiliza, akasema hapo nimewafikiria watu. Nilivimba kichwa hadi jioni.

Ijumaa, 14 Machi

Tumehama! Bwana Taratibu amezima mashine ya zamani mwenyewe. Feni ilikoroma ikaishia, na chumba kikawa kimya mno. Tukaagana nayo kwa soda.

Jumamosi, 15 Machi

Mama amepiga simu asubuhi, jambo ambalo hafanyi. Amesema amekataliwa mlangoni. Nimemwambia achape polepole. Amesema yeye na haraka waliachana zamani.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda. Nimekaa kwenye kiti chake, nikafungua maktaba, nikachagua kitabu cha nyuki, nikachapa jina lake na neno lake, nikaingia mara ya kwanza. Sauti ya Baba ikajaa chumbani, akikohoa kabla ya sura ya pili. Mama alikunja uso. Alisema, basi ni vidole vyangu. Tulisikiliza kidogo, nikaondoka kabla mvua haijafunga njia.

Jumanne, 18 Machi

Amekataliwa tena, jana na leo. Nimempa neno jipya kwa simu, fupi. Nililijaribu ofisini kwanza, likafungua.

Alhamisi, 20 Machi

Wapo wengine wanaolalamika. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa treni amepiga simu na kuniuliza kwa heshima kama amefukuzwa uanachama. Nikamwomba anitajie jina na neno lake, nikajaribu mimi, nikaingia bila shida. Akasema, haya mwanangu, ni uzee. Bwana Taratibu amepitia majina ya waliolalamika: wote ni wasikilizaji wa zamani, wa miaka ya mwanzo. Vijana wanaotumia simu hawana shida yoyote. Mkurugenzi amesema tuwe wavumilivu, wazee wetu wanachoka.

Jumapili, 23 Machi

Mvua kubwa. Kaka alikuwepo leo kwa Mama, amekuja bila familia, na akashuhudia. Mama alitaka kumwonyesha kwamba anaweza. Alichapa, na ile programu ya kusoma skrini, ambayo yeye huiita Kasuku kwa sababu inasoma kila kitu kilichoandikwa, ikamwambia kwa upole wangu ule aangalie jina lake na neno lake la siri. Akachapa tena. Kasuku akarudia. Nikamwambia pisha kidogo, Mama. Nikafunga kila kitu, nikafungua maktaba upya, nikachagua kitabu kipya cha msomaji mwingine, nikachapa, ikafunguka. Kaka alinitazama juu ya kichwa cha Mama. Nilijua anachofikiri kwa kuwa nami nilikuwa nakifikiri.

Tulizungumza barazani, mvua ikituficha sauti. Alisema neno lenyewe amelitumia miaka, kisha umempa jipya, fupi, bado linampotea. Alisema mtu anayeona akisahau, macho yatamkumbusha. Mama anaishi kwa kumbukumbu tu. Jiko analijua kwa kumbukumbu, ngazi ya nyuma anaijua kwa kumbukumbu. Ikimwacha, ataungua au ataanguka, na sisi tutakuwa ofisini. Anataka ahamie kwake, kuna chumba. Shule zitakapofunga atakuja na gari.

Nilimwambia anakimbilia mbali. Moyoni nilikasirika zaidi ya hapo: niliona anataka kufunga nyumba ya Baba na kumpanga Mama kwenye chumba cha wageni pamoja na pasi mbovu. Lakini kabla ya kuondoka nililikagua jiko mara mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Nimetafuta kwenye kumbukumbu za seva, inakoandika kila anayekosea, mahali ambapo Mama alikosea neno la siri. Sikuona jina lake. Bwana Taratibu akasema, kwa mwendo wake, kwamba asiyeandikwa amekosea labda hakukosea. Nikamwambia labda anakosea hata jina, ndiyo maana halionekani. Alifikiri, akasema inawezekana. Nilikuwa na haraka na kazi nyingine.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemnunulia Mama kicheza sauti kidogo, nikamjazia vitabu vyote vya Baba. Kitufe kimoja tu, hakuna neno la siri wala nini. Nilidhani nimemaliza kazi. Alikipapasa, akanirudishia.

"Sitaki kuletewa," alisema. "Nataka kuingia."

Nilimwambia sauti ni ileile. Akasema anajua. Akasema mgonjwa ndiye huletewa chakula kitandani, na yeye bado anakwenda mezani kwa miguu yake. Nimerudi nacho, kiko kwenye begi langu hadi sasa.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua haikatiki. Nguo zote zina harufu ya kabati.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenisikia. Nimeanza kumhesabia Mama. Amesahau birika hadi likachemka likakauka, moja. Ameniuliza jambo ambalo nilimwambia kwa simu juzi, mbili. Amemwita mjukuu kwa jina la Kaka, tatu, na hilo amelifanya tangu mtoto azaliwe. Zamani yote haya yalikuwa vichekesho vya familia. Sasa nayaweka kwenye mizani.

Na yeye anajua nahesabu. Anatembea ndani ya nyumba yake kwa mkono mmoja ukutani, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Chumvi aliionja mara tatu kabla ya kuitia. Nilipokuwa nafua nilimsikia jikoni akinong'ona, nikadhani anasali. Alikuwa anarudia neno lake la siri, herufi moja moja, kama mwanafunzi anayesubiri kuitwa mbele ya darasa. Nilirudi kwenye karai langu, machozi yakanitoka hadi povu likapotea.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeota nyumba ya utoto. Baba anatufundisha kusoma, mimi na Kaka, kwa bili za maji za watu wengine. Kaka alikuwa hawezi kutamka "malimbikizo," na kila akikwama Mama alimtamkia kutoka jikoni bila hata kuja kuangalia, kwa kuwa bili zote alikuwa ameshazikariri kwa kutusikia. Nimeamka nikiwa mwepesi, kisha nikakumbuka.

Jumanne, 8 Aprili

Kaka amepiga simu kwangu, si kwa Mama. Hakuwa na la maana. Aliniuliza kama nakumbuka siku bibi yetu alipopotea akienda dukani, akaletwa na watu wa mtaa jioni akiwa na kiatu kimoja. Nakumbuka kidogo, nilikuwa mdogo. Yeye alikuwa mkubwa, na ndiye aliyekuwa ameachwa amwangalie. Alisema tangu siku ile akisikia simu inalia jioni huona kuna mtu amepotea, kwa hiyo ameamua awe yeye ndiye anayepiga. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nilimuuliza habari za watoto, tukazungumza mpaka salio lake likaisha.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama amekubali kuhama. Hakuna aliyembana wiki hii. Amenipigia mwenyewe na kusema bora niondoke naijua njia ya kutokea. Kaka atakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Keshokutwa nikamsaidie kufungasha.

Bwana Taratibu ameniuliza nina nini. Nimemwambia mvua.

Jumapili, 13 Aprili

Niandike hili polepole.

Nilifika mapema. Begi kubwa la Baba lilikuwa kitandani, wazi, na Mama alikuwa amekunja nguo zake kwa mafungu. Hakutaka nimkunjie. Basi nilikwenda jikoni kuosha vyombo, vile vizuri ambavyo tungevifunga kwenye magazeti. Mvua ilikuwa imetulia, manyunyu tu. Nikamsikia anaburuta kiti. Nikajua anakwenda kujaribu mara ya mwisho, kumuaga Baba. Nilitaka kwenda. Mikono yangu ilikuwa na sabuni hadi kwenye viwiko, na kwa kweli sikutaka kumwona akikataliwa tena, kwa hiyo nilibaki na sahani mkononi na kusikiliza.

Alibonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Kasuku akasema: "Jina. Sehemu ya kuandika."

Nikasimama. Nyumba ya maktaba ile nimeijenga mimi, najua kila neno Kasuku analolisema tangu barazani. Kwanza husema karibu kwenye maktaba ya sauti. Kisha husoma ukurasa wote wa mwanzo, matangazo, vitabu vipya, wasomaji wapya, saa za ofisi. Ukishachagua kitabu ndipo fomu inakuja. Hapa hapakuwa na karibu wala nini.

Mama alichapa jina. Alichapa neno. Kasuku akaomba samahani.

Nilikwenda na sabuni yangu, maji yanadondoka sakafuni. Nilimuuliza amepitia wapi.

"Mlangoni," akasema. "Kama siku zote."

"Mlango gani, Mama?"

Akanionyesha kwa uvumilivu wa mtu anayeulizwa kama anajua kuvaa viatu. Vitufe viwili kwa pamoja. Alifundishwa na Mwalimu wa Vidole, yule mama aliyekuwa anapita nyumba kwa nyumba miaka ya mwanzo kuwafundisha wasioona kuchapa, na ambaye alishastaafu akahama. Kasuku akiachiwa asome ukurasa wa mwanzo, Mama alisema, chai inachemka na kupoa hajamaliza. Kwa hiyo Mwalimu wa Vidole aliwawekea wanafunzi wake wote njia ya mkato inayowafikisha moja kwa moja kwenye fomu. Wote wa zamani wanaingilia hapo. Kwani ninyi mnaingilia wapi, akaniuliza.

Nilikaa chini, sakafuni palepale, kwenye maji.

Kila mara nilipomsaidia nilimwambia pisha, nikafunga kila kitu, nikaanza upya kwa njia yangu ya ofisini. Nimeomba kitabu, nikaletewa fomu, nikarudishwa kwenye kitabu. Mama hakuomba kitabu. Alikwenda mlangoni moja kwa moja, akataja jina, akataja neno, na seva ikamkubali. Kisha ikatafuta ombi lake la mwanzo ili imrudishe alikokuwa anaelekea, ikakuta hakuna. Haikujua pa kumpeleka. Ikatoa hitilafu, na hitilafu ikaangukia kwenye ule ukurasa wangu wa utu, unaomwambia kila mtu, hata aliyepatia, kwamba akaangalie neno lake la siri. Nyani haoni kundule. Nilishinda karibu mwezi mzima nikitafuta kosa vidoleni mwa mama yangu, na kosa nimeliandika kwa mkono wangu na kulisifia.

Nilimweleza. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia mwisho.

"Mama, neno lako lilikuwa sahihi."

"La leo?"

"Yote. Kila siku uliyochapa."

Mikono yake ilikuwa bado juu ya vitufe. Nilidhani atafurahi, na mimi nilikuwa tayari kufurahi naye. Badala yake uso wake ulibadilika nikaogopa.

"Wewe uliamini nimesahau," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Nami niliamini," alisema. "Hilo ndilo linaloniuma. Ninyi mna haki ya kunidhania, mnakuja mnaondoka. Mimi ninakaa na mimi kutwa. Nililala na neno lile mdomoni, nikiamka nalitafuta kama lipo. Lipo. Nikifika pale naambiwa halipo. Nikasema, basi kumbe hivi ndivyo inavyoanza."

Kisha alilia. Sijamwona akilia tangu tumzike Baba. Nilimshika kwa mikono yangu ya sabuni, akaniambia namlowesha, hakunitoa. Tulikaa hivyo hadi manyunyu yakaisha. Nimeomba msamaha, alisema msamaha ataupima akishaingia.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilimngoja Bwana Taratibu mlangoni. Nilimsimulia hata kabla hajaweka mwavuli. Alinisikiliza, akakaa, akaweka kiganja kwenye upara.

Alisema yeye ndiye. Mwalimu wa Vidole alimfuata miaka hiyo, akamwambia wanafunzi wake wakifikia fomu moja kwa moja seva inawatupa. Akampa ahadi, akaweka mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva yenyewe: anayeingia bila kuomba kitabu, apelekwe kwenye rafu yake, yaani orodha ya vitabu vyake. Sio ndani ya programu yetu. Tulipohama tulibeba programu, seva tukaiacha na mstari wake. Alikuwa hajaukumbuka hata siku moja tangu auweke.

"Tumemwita mama wa watu msahaulifu," alisema, "na aliyesahau nimekaa hapa nakunywa soda."

Tuliiwasha ile mashine ya zamani kule stoo, feni ikakoroma, tukaukuta mstari. Mstari mmoja. Tukauandika kwenye seva mpya, tukaiwasha upya. Kisha nikaufuta ukurasa wangu mmoja wa utu na kuandika kurasa mbili: mmoja wa aliyekosea neno, mwingine wa sisi tuliokosea, unaosema wazi kwamba kosa ni letu. Bwana Taratibu aliomba ampigie dereva wa treni yeye mwenyewe. Nilimsikia akisema, hapana mzee, si uzee, ni mimi.

Adhuhuri Mama alijaribu nikiwa kwenye simu. Nilimsikia Kasuku akisoma rafu yake. Nilimsikia Baba akikohoa. Mama alikata simu bila kuniaga.

Jumatano, 16 Aprili

Kaka hasadiki. Amesema hata kama ni mashine, birika lilikauka. Nimemwambia birika langu limekauka mara mbili mwezi huu. Amesema atakuja Jumamosi kama tulivyopanga, na gari.

Jumamosi, 19 Aprili

Alikuja na mvua, nyepesi, ya kumalizia. Mama alimwandalia chai mwenyewe, akatia sukari bila kuonja. Kisha akamwambia akae, akakaa mbele ya kompyuta, akabonyeza vitufe vyake viwili na kuchapa. Rafu ikafunguka. Hakumchagulia nyuki. Alimchagulia kitabu cha safari, kile cha mwisho, alichokisoma Baba kifua kikiwa kimeanza kumsumbua.

Kaka alikuwa hajaisikia sauti ile tangu mazishi. Sikujua. Siku zote nilidhani hana muda. Kumbe alikuwa hathubutu. Baba alifika mahali akakwama kwenye neno, akajaribu, akakwama tena, na Mama akalitamka kabla yake, akiwa amegeuza kichwa upande wa jikoni. Kaka aliinama, mabega yakawa yanatikisika. Mama alimwekea mkono shingoni na kuuacha hapo.

Alipoweza kusema, alisema anaogopa. Alilisema hivyo tu. Mama akamjibu kwamba yeye pia anaogopa, na ikija siku ya kusahau kweli atawaambia yeye wa kwanza, maana sasa anajua ladha yake, na siku hiyo atapanda gari bila kuvutwa. Lakini si leo. Kaka akauliza, je, asipotambua siku hiyo ikifika? Mama alifikiri. Akasema, basi kabla hamjanihukumu, kaeni mnitazame nikifanya mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, msinipokonye.

Kaka akasema sawa. Simu ya jioni ataendelea kupiga. Mama akasema apige.

Kisha akaenda chumbani, akalifungua begi, akaanza kurudisha nguo kabatini. Kaka alinyanyuka, nami nilinyanyuka. Mama akasema tukae. Alichukua moja, akaipapasa kola, akaitafutia mahali pake. Shati moja la Baba lilimchanganya, akalirudisha mkononi, akasimama nalo. Nililiona pengo lake, la tatu kutoka juu. Kaka aliliona pia. Tulikaa kitandani, watoto wawili wenye mvi, mikono tumeikalia, tukasubiri mpaka alipolipata.